Kabla Mgonjwa Hajasema "Ila"

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, nilisimama mlangoni mwa wodi ya wanaume mjini Kilosa, vyeti vyangu vikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Matroni hakuifungua. Aliangalia viatu vyangu, kisha akaniuliza, "Unajua kufagia bila kutimua vumbi?"

Nikajibu kwamba ninajua.

"Basi nyunyiza maji kwanza. Wagonjwa wa kifua wana vumbi lao la kutosha."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya afya. Cheo changu kilikuwa mhudumu wa wodi, mtu wa kufagia, kubeba machela, na kumgeuza mgonjwa asiyejiweza ili asipate vidonda vya mgongo. Uuguzi niliusomea baadaye. Vitabu vya Kiingereza nilivisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kila jioni. Ninaeleza haya kwa ajili ya vijana wanaoingia kazini sasa na kukuta chumba cha dharura kikiwa na taa, oksijeni na kitanda chenye magurudumu, wakadhani vitu hivyo vimekuwapo siku zote.

Enzi zetu hakukuwa na chumba cha dharura. Kulikuwa na benchi. Aliyefika kwanza alionwa kwanza, na aliyezidiwa alipitishwa mbele kwa huruma ya wenzake waliokaa. Mto Mkondoa ulipofurika, au trekta la miwa lilipopinduka na watu, tuliwahudumia kwanza waliopiga kelele zaidi. Hatukuwa wazembe. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kwamba mgonjwa aliyenyamaza ndiye wa kukimbilia.

Nikahamishiwa Mikumi, kwenye kituo cha afya kando ya barabara kuu. Anayeijua barabara ile anaelewa kwa nini. Mabasi ya Iringa na Mbeya hupita pale, pamoja na malori ya nchi jirani na magari yanayopanda kutoka Ruaha na Kidodi, upande wa mashamba ya miwa. Mganga Mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa kituo, alikuwa Mkaguru wa milimani, mzao wa shule za misheni, mtu wa maneno machache. Siku niliyoripoti alinipeleka dirishani, akanionyesha lami. "Hiyo ndiyo wodi yetu kubwa," alisema. "Hatuwezi kuipaka chokaa, lakini wagonjwa wake wote ni wetu."

Yeye ndiye aliyeleta ushirika na wageni. Madaktari wa nje walikuwa wanatafuta vituo vya barabarani ili wafundishe tiba ya dharura, na kwa mwaka mzima aliandikiana nao mpaka wakakubali kuja kwetu. Mpango ulikuwa na awamu mbili. Katika awamu ya kwanza wageni wangetufundisha sisi. Kisha mmoja wetu angefanya mtihani wa ukufunzi. Akifaulu, mafunzo yangebaki Mikumi, na awamu ya pili ingekuja na vifaa. Akifeli, mafunzo yangehamia kituo kingine, mbali na mkoa wetu. Mganga Mfawidhi aliniteua kuwa mratibu, na jina la mtahiniwa akaandika la Sista Tumaini, muuguzi mwenzangu.

Sista Tumaini alizaliwa Mabwerebwere, wilayani Kilosa, mama yake akiuza vitumbua. Alikuwa na mikono ya haraka, na mdomo wa haraka zaidi. Mkuu wa wageni, daktari mrefu mwenye mvi, alijifunza Kiswahili kwa bidii, lakini neno lililomkaa mdomoni lilikuwa moja tu. Ukimpa chai, "Haya." Ukimwambia gari limepata pancha, "Haya." Sista Tumaini akambatiza Dokta Haya, na jina likashika mpaka mwenyewe akalitumia kwenye simu.

Alitufundisha vizuri, na nataka hilo lieleweke. Alitufundisha triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao badala ya zamu ya kufika: nyekundu ni wa sasa hivi, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani anaweza kukaa kwenye benchi. Alitufundisha kukagua kwa mpangilio, njia ya hewa kwanza, kupumua pili, mzunguko wa damu tatu, na kutoruka hatua hata kama damu inakutisha macho. Tulifanya mazoezi juu ya mdoli wa mpira aliyekuja na sanduku lake. Sista Tumaini alimwita Shemeji, kwa sababu kila mtu alimkandamiza kifua na yeye hakulalamika.

Mpangilio wote uliandikwa kwenye kadi ngumu ya plastiki tuliyoivaa shingoni. Kadi hiyo ilitumika nchi nyingi, na kila nchi iliitafsiri. Swali lake la kwanza kwa mgonjwa lilisomeka hivi: "Hali yako ikoje?" Hakuna aliyeliona kosa. Kiswahili chake kilikuwa safi.

Asubuhi moja ya kiangazi gari aina ya Kosta lililotoka Ruaha lilipinduka karibu na kona ya kuingilia mjini. Tuliletewa abiria kwa bodaboda, kwa pikapu, na wengine kwa miguu. Tukavaa kadi zetu, tukaanza kazi. Kijana mmoja alikuwa anapiga mayowe, mguu umevunjika. Akapewa njano. Mama mmoja alikuwa haongei. Akapewa nyekundu, akawekewa oksijeni, akapona. Kila kitu kilikwenda kama tulivyofundishwa, na niliona Dokta Haya akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mzee mmoja wa Kimamba aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi mashamba ya katani tangu ujana, akawa amekwenda Ruaha kumtembelea binti yake. Muuguzi mwanafunzi akamkimbilia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hali yako ikoje, babu?"

"Nzuri, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Akafungwa utepe wa kijani, akaelekezwa kwenye benchi, na muuguzi akakimbilia mwingine. Nilikuwa jirani, nimeshika dripu. Nilimwona mzee akiinua kidole kama mtu anayetaka kuendelea kuongea, halafu akakishusha kwa sababu aliyekuwa akimsikiliza ameshaondoka.

Sista Tumaini ndiye aliyepita benchi kukagua upya. Alimkuta mzee ameegemea ukuta, midomo imepauka, jasho jembamba usoni. Alimshika mkono, mapigo yakawa ya mbio na dhaifu. "Baba, gusa panapouma," akamwambia. Mzee akagusa ubavu wa kushoto, kisha bega la kushoto. Wenye kazi hii wanajua maana yake. Bandama likipasuka, damu huvuja tumboni kimyakimya, na maumivu hupanda begani. Kwa watu waliougua malaria maisha yao yote, bandama huwa limevimba na hupasuka kirahisi. Mzee alihitaji upasuaji, na upasuaji wa karibu ulikuwa Morogoro. Tulimwekea dripu mbili, tukampakia. Alifariki gari likiwa bado ndani ya hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo dereva hulazimika kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama.

Alasiri tulikaa kikao. Dokta Haya alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa. Alikuwa ameshamhoji yule mwanafunzi, naye hakuwa amekosea hatua hata moja.

"Sielewi," alisema. "Mtu anavuja damu. Anaulizwa hali yake. Kwa nini aseme nzuri?"

Mganga Mfawidhi akamjibu. "Dokta, nenda msibani leo. Umwulize mfiwa habari za nyumbani. Atakwambia nzuri. Halafu atakwambia, ila tumefiwa na mama. Hapa 'nzuri' siyo jibu. Ni mlango. Jibu linakuja baada ya 'ila'."

"Na mzee hakusema 'ila'?"

"Hakupewa nafasi," alisema Sista Tumaini. "Kadi inasema ukisikia nzuri, nenda kwa mwingine. Tumekwenda."

Dokta Haya hakusema haya. Aliivua kadi shingoni, akaiweka mezani kifudifudi.

Kuanzia siku ile Sista Tumaini aliacha swali la kwanza. Salamu aliibakiza, maana huwezi kumgusa mtu mzima wa huku bila shikamoo, na mtu anayeitikia marahaba kwa pumzi moja amekuonyesha njia yake ya hewa. Lakini baada ya salamu alikwenda moja kwa moja: "Gusa panapouma." Mkono haujafundishwa adabu ya kusema nzuri. Waliokuwa hawana fahamu za kugusa walijipambanua wenyewe: hao walikuwa nyekundu. Hata kwa wafugaji ambao Kiswahili chao kilikuwa kidogo, amri ile ilieleweka kwa ishara.

Tatizo lilikuwa mtihani. Dokta Haya aliwaandikia wakubwa wake akiomba swali libadilishwe. Walimjibu kwa upole kwamba kadi ni moja kwa nchi zote, kwamba itapitiwa wakati wa mapitio, na kwamba hadi hapo mtahiniwa apimwe kwa kadi iliyopo. Hatua zenye nyota zilikuwa za lazima. Ukikosa moja, umefeli wote. Swali la kwanza lilikuwa na nyota.

Nilimwita Sista Tumaini stoo, tukiwa tunahesabu kola za kushikiza shingo za majeruhi.

"Mwanangu, uliza swali lao. Upate cheti. Kesho yake ufundishe unavyotaka."

"Baba, siku ya mtihani nani watakuwa wamekaa nyuma yangu?"

"Wanafunzi."

"Wote?"

"Wote. Ndiyo utaratibu."

"Basi watachukua watakachoniona nafanya. Hakuna atakayekumbuka nilichosema kesho yake." Akaweka kola kwenye rafu. "Na yule aliyemfungia babu utepe wa kijani atakuwa mbele kabisa. Tangu siku ile hali chakula vizuri. Nimwambie nini, kwamba lile swali ni la cheti tu?"

"Unajua tutakachokosa."

"Najua. Mimi ndiye niliyeandika ile orodha ya vifaa. Usiniombee nisahau, niombee mkono usitetemeke."

Siku ya mtihani, mgonjwa wa kuigiza alikuwa kijana wa bodaboda kutoka Ruaha, aliyelipwa soda na chapati. Aliambiwa aigize mtu aliyeumia tumbo kwenye ajali. Aliingia akijibwaga sakafuni. "Jamani nakufa! Mwambieni mke wangu pikipiki asiiuze!"

"Huyo njia ya hewa ipo wazi mpaka Kidodi," alisema Sista Tumaini, na ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akapiga magoti, sauti ikabadilika. "Pole, kaka. Gusa panapouma."

Kijana akagusa. Yeye akaendelea: kupumua, mapigo, ngozi, tumbo, kila hatua kwa mpangilio, bila kusita. Sijaona kazi safi kama ile kabla wala baada. Alipomaliza, Dokta Haya alikuwa bado ameshika penseli juu ya mstari wa kwanza.

"Sista, umeruka swali."

"Sijaliruka, Dokta. Nimeliacha."

"Naweza kukupa nafasi urudie tangu mwanzo."

"Nikirudia nitaliacha tena."

Yule mwanafunzi wa mbele alikuwa ameinamisha kichwa. Dokta Haya aliandika alichopaswa kuandika, akasaini, akampa Sista Tumaini karatasi kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu kitu cha heshima. Sikuwahi kumlaumu. Alikuwa chini ya wakubwa wake, kama sisi sote tulivyokuwa chini ya wetu. Wiki iliyofuata alimfunga Shemeji ndani ya sanduku, akatuaga mmoja mmoja, na gari lao likaondoka.

Mafunzo yalihamia kituo kingine. Sista Tumaini hakupata cheti cha ukufunzi wala posho, lakini Alhamisi alasiri alianza kuwafundisha makondakta, madereva wa matrekta, askari wa barabarani na waendesha bodaboda, kwa sababu hao ndio wanaomfikia majeruhi kabla yetu. Mdoli mpya tulimshona kwa turubai, tukamjaza makapi ya katani kutoka Kimamba. Kifua chake kilikuwa kigumu kuliko cha mtu, na wanafunzi walitoka mikono ikiwauma. Yule mwanafunzi wa utepe wa kijani sasa ndiye msaidizi wake.

Nilistaafu kwa hiari nilipotimiza umri unaoruhusiwa, magoti yakiwa yamechoka kuliko kichwa. Ninaishi Kilosa, ninalima mahindi, na vijana wa kazi hunitembelea. Ninawaambia kwamba ushirika na wageni ni kitu chema, na kwamba bila Dokta Haya tungekuwa bado tunakimbilia kelele. Ninawaambia pia kwamba mgeni hukufundisha mpangilio, lakini hawezi kukufundisha watu wako wanavyonyamaza. Sehemu hiyo ni yako, na ukiikubali ujue ina bei.

Wengi huniuliza kama ilifaa tulipe bei ile. Siwajibu kwa hotuba. Mganga Mfawidhi alikwishapiga hesabu ya awamu ya pili: kitanda cha dharura, mashine ya utrasaundi ya kubeba, mitungi ya oksijeni, na posho ya mkufunzi kwa muda wote wa mpango. Wageni walipoondoka aliisoma kikaoni mbele ya Sista Tumaini, bila kupandisha wala kushusha sauti, kisha akamuuliza kama Alhamisi atahitaji ukumbi. Tulichopoteza ni shilingi milioni themanini na sita.