Jengo la Ugali

Harufu ya ugali uliokaribia kuungua ilikaa wiki nzima katika nyumba yetu ya kupanga huku ughaibuni, pale Lewisville. Haukuwa wa kula. Baba aliusonga mgumu, akaukandamiza kwenye trei, na ulipopoa akaukata kuwa kuta kwa kisu cha mkate. Nilikuwa na miaka kumi, na shuleni kulikuwa na mashindano: kila mtoto alitakiwa kujenga jengo kwa chakula, peke yake, bila msaada wa mzazi. Baba alianza kwa kunielekeza tu. Siku ya pili kisu kilikuwa mkononi mwake, na mimi namshikia uzi wa kufungia tambi mbichi zilizokuwa nguzo. Sikuwahi kumwona na furaha ile tangu tuhame kutoka Dodoma. Kule alikuwa msanifu majengo. Huku alipanga maboksi kwenye ghala moja Garland, na alitukataza kabisa kuitaja kazi yake ya zamani mbele za watu. "Sitaki kuonewa huruma," alisema. Mama, ambaye alikuwa muuguzi, akamjibu kwamba mficha uchi hazai. Baba alinuna siku mbili.

Siku ya mashindano nilipakata trei yenye jengo ndani ya gari, na kila Baba alipokanyaga breki niliikumbatia. Ukumbini, mwalimu alipanga vitabu juu ya kila paa, kimoja kimoja. Jengo la jirani yangu, la keki, lilididimia kwa kitabu cha pili. Langu lilifika cha tano, tambi moja ikalia *tik*. Lakini likasimama. Cha sita. Cha saba. Mwamuzi, mama mmoja mrefu, akachuchumaa kuzitazama nguzo.

"Nani aliyejua kuziweka hivi?"

Nyuma kabisa alisimama Baba na fulana yake ya ghalani, akitikisa kichwa taratibu: usiseme.

"Baba yangu," nikasema. "Yeye ni msanifu majengo."

Maji yakimwagika hayazoleki. Watu wote waligeuka kumtazama, na jina langu likafutwa kwenye mashindano. Garini, tulipokaribia nyumbani, Baba akasema:

"Nilikukataza."

"Mimi sikuonei aibu, Baba," nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

Yeye akajibu kwa Kiswahili, bila kunitazama. "Aibu si yako, mwanangu. Ni yangu."

Mwaka ule hakugusa tena kazi yangu yoyote ya shule, nami niliamini nimempoteza. Leo naishi Houston, nina mtoto wa rika lile, na najua siri ile haikuwa yangu kuitoa, ingawa hata leo ningeisema tena. Baba amestaafu ghalani. Mwezi uliopita mwanangu alimuuliza kwenye simu anafanya kazi gani.

"Mimi ni msanifu majengo," akasema Baba. Hakusema "nilikuwa".