Nilivyoijua shubiri kwa ulimi, na mama mkwe aliyevunja mwiko

Wakuu, salaam.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Miaka ya tisini, viwanda vilipoanza kubinafsishwa, nilipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Mwanza. Mimi na mke wangu Kabula tukahamia Usagara. Yeye akafuga kuku wa kienyeji kumi na wanane. Ndio waliotulisha.

Mimi nilishinda barazani na kamusi kuukuu isiyo na jalada, nikinakili maneno kwenye daftari. Kabula akiniuliza jambo asubuhi, jibu analipata jioni.

Nilikuwa na utaratibu. Kila maana niliyoithibitisha mwenyewe niliiwekea tiki. Shubiri ilikuwa na tatu: mmea wa majani manene yenye miiba pembeni, ladha chungu kupita kiasi, na machungu ya moyo.

Ya tatu niliitia tiki siku ileile niliyoinakili. Mbili za kwanza zikabaki wazi, maana mmea huo nilidhani sijawahi kuuona.

Kisha kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia bandani. Siku tatu, kuku sita wamekufa. Kabula akapeleka taarifa kwa mama yake Misungwi, naye kesho yake akafika na kifurushi cha majani.

Hapa nieleze kidogo. Kwa ukoo wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawasemeshani. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu, hata mkiwa hatua nne tu baina yenu. Basi mama akakaa amenipa mgongo, anamwambia Kabula, na Kabula ananiambia kitu nilichokwisha kukisikia.

"Mwambie mumeo akatekate igaka, aloweke kwenye maji ya kuku."

Igaka naijua tangu utoto, iliota kando ya zizi letu. Kuionja sikuwahi. Nikamjibu Kabula kwamba dawa ambayo sijaisoma popote siwapi kuku.

"Mwambie aonje, basi. Kuku hawasomi."

Nikavunja jani, nikalamba ule utomvu wa njano. Wakuu, machozi yalinitoka. Na hapohapo nikalitazama lile jani mkononi: nene, lina miiba pembeni, na uchungu ndio huu. Shubiri niliyokuwa naitafuta nimekua nayo tangu utoto, ila kwa jina la Kisukuma.

Nilipoinua uso, mama mkwe alikuwa amegeuka, ananitazama. Akasema na mimi, si na Kabula:

"Baba, unakunja uso kwa ajili ya jani? Mbona mwaka mzima uko hivyohivyo na hujalamba kitu."

Kabula akaziba mdomo kwa khanga. Halafu akashindwa, akacheka. Mama naye akacheka. Mimi nikawa wa mwisho, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu barua ya kupunguzwa kazi kiwandani.

Nikainuka barazani. Nikakata majani, nikatenga wagonjwa, nikafagia banda ambalo sikuwahi kulifagia.

Walipona saba. Sisemi ni igaka iliyowaponya, huenda ni kule kuwatenga. Leo ukiniuliza nitakwambia chanja kuku wako mapema.

Kwa desturi yao, aliyevunja mwiko hulipa kuku. Wiki iliyofuata akaletwa mtetea mweupe kutoka Misungwi, na ujumbe: "Mwambieni mkwe nimelipa. Akinuna tena navunja tena, kuku ninao."

Yule mtetea alitotoa vifaranga tisa. Banda lao nilijenga mimi.

Somo nililolipata ni dogo. Neno nilikuwa nalijua kwa moyo tu, nikadhani nimelimaliza. Daftari bado ninalo, tiki ziko zote tatu. Igaka nimeipanda mlangoni pa banda, na asubuhi nikiingia kuokota mayai huwa inanikwaruza mguu.

Je, kwenu mmea huu mnauitaje, na ni nani aliyekuonjesha? Nasoma majibu yote.