Bakuli la Bi Mize

Mpaka leo nikinusa karafuu, vinyweleo vinanisimama. Wajukuu wananicheka: bibi gani huyu anaogopa pilau? Siogopi pilau, jamani. Harufu ile hunirudisha Pongwe, miaka ya hamsini, kwenye nyumba ya jirani yetu ambayo hata kuku wetu hawakuthubutu kuisogelea.

Bi Mize alikuwa Mpemba, mjane, akiishi peke yake. Alifikaje huku bara sijui. Watu walisema amekuja na majini yake, na kwamba moshi hauonekani kwake kwa kuwa hayo ndiyo yanayompikia. Mimi kilichonitisha zaidi ni mlango wake. Haukufungwa wala haukufunguliwa wote. Uliachwa upenyo tu, na ndani giza hata mchana kweupe. Ukipita unasikia mtu anaimba kwa pua, wimbo usio na maneno. Ukisimama kusikiliza, nao unasimama.

Basi kwenye mlango huohuo ndiko mama alikonituma kila siku. Alasiri akishapika, alipakua kwanza cha Bi Mize, sisi baadaye. Wali na samaki, au mihogo ya nazi, na siku njema kipande cha nyama. "Mpelekee bibi, na usimwage," aliniambia, akifunika bakuli kwa kawa.

Rafiki yangu Elizabeti alinisindikiza. Alikuwa mtoto wa Kishambaa, wa familia ya Kilutheri. Baba yake na baba yangu walifanya kazi pamoja kwenye shamba la mkonge. Tukifika kwenye mpapai hasogei tena. Anabaki pale akimwomba Yesu, nami naendelea nikisoma Kul-huwallahu, tukiamini kwamba mojawapo haitakosa kufanya kazi. Naweka bakuli kizingitini, natoa shikamoo, na kutoka gizani sauti inajibu, "Marahabaaa," ndefu, kama inatoka kisimani. Hapo mbio zangu hazina mfano, mpaka kanga inanivuka.

Asubuhi bakuli liko mlangoni kwetu, limeoshwa likang'aa. Hatukuwahi kumwona akilileta. Na kwa kuwa kwetu ni aibu kurudisha chombo cha mtu kitupu, ndani yake mlikuwa na punje chache za karafuu. Elizabeti aliniapia kwamba ukitafuna hata moja unageuka msukule: usiku unakwenda kumlimia mchawi, na asubuhi unaamka na udongo kwenye kucha. Nikawa kila nikiamka nakagua kucha zangu. Na kwa bahati mbaya, kucha za mtoto hazikosi udongo.

Mvua za vuli za mwaka mmoja zilimkuta mdogo wangu wa kiume hajaanza hata kukaa. Alishikwa na homa, akafa. Mama hakulia. Matanga yalipokwisha na wageni kwenda makwao, alilala ameelekea ukutani, akanyamaza. Hakula. Maziwa yalimlowesha kanga kifuani, na hakujifuta. Macho yalikuwa wazi, hayapepesi. Baba alimwita, akambembeleza, wapi! Majirani wakaanza kunong'ona kwamba yule hayupo tena, ameshachukuliwa, mnaishi na kivuli chake. Wengine walielekeza kidevu kwa Bi Mize: kamla mtoto, sasa anammalizia mama. Nikaamini yote. Kila nilipoingia chumbani nilimgusa mama mguu kwanza, nione kama bado una joto.

Kwa kuwa hakupika, bakuli halikwenda.

Siku moja baba yuko kazini, jua limefika utosini, saa ambayo watoto tulikatazwa kuzurura kwa kuwa ndiyo saa ya mashetani. Nilikuwa peke yangu uani nachagua mchele. Harufu ikatangulia. Karafuu. Kisha nikausikia ule wimbo wa puani, safari hii ndani ya nyumba yetu. Nilijibanza nyuma ya mtungi. Nikaona buibui lililopauka linapita ukumbini, chini yake miguu mitupu isiyotoa sauti, likaingia chumbani kwa mama. Mlango ukarudishwa, ukaachwa upenyo.

Halafu mama akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena kwa binadamu yeyote.

Nilitoka mbio mpaka kwa Elizabeti. "Anamuua mama!" Na wallahi, yule yule asiyevuka mpapai alinyakua mchi wa mama yake, akatangulia yeye.

Tulichungulia. Kichwa cha mama kilikuwa mapajani mwa Bi Mize, mama analia kwa sauti, mwili mzima ukitikisika. Bi Mize alikuwa akimsugua mgongo kwa mafuta ya karafuu, akiimba, na machozi yakimtiririka. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake. Ulikuwa uso wa bibi kizee tu. Akatuona na mchi wetu.

"Mwacheni alie," alisema. "Mie wangu niliwazika wote, na sikupata wa kulia naye. Nendeni mkakoke moto, mama yenu hajala."

Tukakoka moto. Aliendelea kuja kila siku, mpaka mama akainuka, akaoga, akanigombeza kwa kuunguza wali. Nililia kwa furaha ya kugombezwa.

Miaka mingi nilimsimulia kila mtu wema wa mama yangu na jinsi wema huo ulivyomwokoa. Siku moja, nikiwa na watoto wangu, nilimsifu mwenyewe usoni. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wema gani? Nilimwogopa kuliko nyinyi. Niliona nikimlisha hatatugusa."

Kumbe mama yangu alikuwa mwoga kama sisi, na kwa woga ule, bakuli kwa bakuli, alijiwekea akiba asiyoijua, akaja kuikuta siku alipokuwa hana kitu kingine. Nikamuuliza kama Bi Mize alijua.

"Alijua," mama akasema, hacheki tena. "Alinambia siku ileile nalia mapajani kwake. 'Najua ulikuwa unaniogopa, mwanangu. Lakini wote waliniogopa, na hawakunipa hata maji.'"