Ngazi Niliyoikata Mwenyewe

Nichekeni, nnastahili. Mimi ni fundi wa mtandao katika hoteli moja ya Kiwengwa. Zamani, nikitaka kubadilisha jambo dogo tu, nilibeba ngazi ya mbao begani na kupanda kwenye kisanduku kimoja cha intaneti baada ya kingine, jengo hadi jengo. Mwaka huu tukahamia mfumo mpya. Akili ya mtandao mzima inakaa kwenye programu moja. Unaandika amri mara moja, visanduku vyote vinatii papo hapo.

Basi kichwa kikanivimba. Ngazi nikaipiga msumeno, nikaigeuza rafu ya viatu mlangoni mwa ofisi ya Bi Asha, meneja wetu.

Juzi baba mkwe alikuja kwangu Mpendae, mjini, akaniuliza hasa nnafanya kazi gani. Nikafungua kompyuta.

"Tazama, baba. Wapishi wanaangalia mpira kazini. Nnawazimia kutoka hapa hapa."

Badala ya kuchagua kisanduku cha jikoni, kwa mbwembwe zangu nikachagua vyote. Vyote vikatii, pamoja na kile ninachopitia mimi kuingia. Nikawa nimejifungia nje.

Baba mkwe akanipakia kwenye gari lake mpaka hotelini. Wageni walikuwa wamejaa mapokezi, simu mkononi. Kisanduku kikuu kiko juu darini, na sasa lazima nikifikie kwa mkono.

"Shikamoo, Bi Asha. Naomba ngazi."

"Marahaba." Akanionesha mlango wake, mbele ya wageni na mkwe. "Si hiyo hapo? Toa viatu vyetu, upande."