Mfuko wa Unga Kati Yangu na Mama Mkwe

Nilikuwa mkaguzi wa laini za umeme, enzi kampuni ilipokuwa bado kampuni. Walinipa pikipiki ndefu ya matairi ya meno, ile ya kupita porini, niwe nafuata nguzo toka Likasi kwenda mbele huko, juu ya kokoto na mchanga. Halafu mishahara ikakatika, waya za shaba zikaibwa zote, zikabaki nguzo tupu. Pikipiki hakuna aliyekuja kuiulizia. Nikaanza kubeba watu na mihogo, na kila aliyepanda alikuwa na lake la kulalamika. Lakini abiria kama mama mkwe wangu, aka, sijapata mwingine, na Mungu asiniletee.

Mke wangu alikuwa amejifungua vibaya, hospitali ya mjini. Mtoto alitoka mzima, ila mama damu haikukoma. Daktari akaniambia bila kuzunguka: damu ya kumwongezea hakuna, katafute mtu wa kwao anayelingana naye, leo hii, kabla jua halijazama. Yangu walikwisha kuipima, ikakataa. Ndugu zake wote walikuwa wamepanda treni kurudi Kasai, na baada ya kufukuzwa huku kama wageni, nani angewalaumu? Alibaki mama yake tu, analima karibu na misheni ya Mulungwishi, na damu yake ilijulikana kuwa sawa na ya bintiye. Nikatafuta esansi, petroli ya pikipiki, mtaani Kikula, ikapatikana ya kwenye chupa, imechanganywa na mafuta ya taa, nikaondoka.

Sasa, kwao mkwe anaheshimiwa hadi inachosha. Mama mkwe humgusi, humtazami usoni, huli mbele yake. Naye hakuambii neno mpaka alipitishe kwa mtu mwingine. Miaka yote ya ndoa tulikuwa tunasalimiana kupitia mlangoni. Kwa hiyo nilisimama nje ya ua wake, nikamwita jirani, nikamweleza kwa sauti kubwa ili asikie wa ndani. Mama akatoka mbio, kikwembe chake cha kujifunga kinamponyoka, analia jina la mwanawe. Nikashukuru. Kumbe nilishukuru mapema mno! Alipokiona kiti cha pikipiki, kifupi vile, akasimama palepale.

"Ambia bwana ya mutoto wangu," akamwambia jirani, "pale minye siwezi kukaa. Mugongo yake iko karibu sana."

"Mama, mtoto wako anakufa!" nikapaza sauti mwenyewe.

"Umwambie nimesikia. Mulete mufuko ya bunga."

Jamani! Ukaletwa mfuko wa unga wa mahindi, tukaufunga katikati ya kiti kwa mpira wa baiskeli. Mama akakaa nyuma yake, kwenye keria ya chuma, miguu yote upande mmoja, ameukumbatia mfuko. Nilitaka kulia kwa hasira. Nikapiga teke la kuwasha, tukaondoka.

Kwenye kokoto pikipiki inataka watu wawili walale upande mmoja kwa wakati mmoja. Mimi nikilala kushoto kukwepa shimo, yeye na unga wake wanalala kulia. Hatukufika mbali akaanguka mchangani, puu! Nikaruka kumwinua. Akajifunika uso akapiga yowe nisimguse. Basi nikasimama pale, mikono hewani kama mjinga, mama wa watu anahangaika chini peke yake. Na kwa kuwa jirani tulimwacha nyuma, akaanza kusema na chombo.

"Piki-piki, umwambie mwenye yako aende polepole."

"Pikipiki," nikajibu, maana nilishashikwa wazimu, "umwambie mama, tukienda polepole tutafikia kilio."

Akapanda. Mbele kidogo akaanguka tena, safari hii akachubuka kiwiko, na mfuko ukaanza kuvuja. Nilimwona mke wangu kitandani, midomo myeupe, ananisubiri, na mimi huku nasindikiza unga.

Tukafika kwenye kijito. Mbao za daraja watu walikwisha kuzing'oa. Mama akavuka kwa miguu, mimi nikapita majini na pikipiki, na katikati ikazima. Nikaisukuma mpaka ng'ambo. Nikapiga teke, haiwaki. Nikapiga tena na tena mpaka goti likauma, na jua linateremka tu. Hapo nikafunguka mdomo. Nilitukana esansi, nikatukana kampuni, nikatukana walioiba mbao, na mwisho nikazitukana mila za kwao zote, kwa sauti, yeye akisikia. Pikipiki ikakohoa, ikawaka. Nikakaa kwenye kiti, nikashika usukani, nikamngoja nimempa mgongo.

Nikasikia mpira unafunguliwa. Mfuko ukaanguka chini. Mama akapandisha kikwembe, akakaa kama mwanamume, akanizungushia mikono miwili kifuani, akakaza. Tangu hapo tulikimbia. Nikilala, analala, nikiinuka kwenye shimo, anainuka. Nikasema moyoni, haya, kokoto zimekufundisha.

Tulifika jua lingalipo. Wakamtoa damu palepale.

Kesho yake mke wangu alifumbua macho, akaomba uji. Nikaingia chumbani na furaha yangu yote. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, pamba imebandikwa mkononi alipotolewa damu. Aliponiona tu akajivuta kikwembe usoni, akageukia ukuta.

Nikalipuka. "Sasa hii nayo ni nini? Mama, jana toka kijitoni mpaka hapa umenibana mbavu, leo unanificha uso?"

Halafu sauti yake ikatoka chini ya kitambaa, akimwambia mwanawe.

"Mutoto, umwambie bwana yako asizanie niliogopa njia. Nilimushika sababu alikuwa analia, mugongo yote inatetemeka. Muntu analia vile, utamuacha namna gani peke yake?"