Tangi Lililokonda Kwenye Karatasi

Karakana nzima ilimwita Mama Mzani. Alikuwa amepima vyuma miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuona chuma kikipungua kwa maneno. Wahandisi ndio walioamini kwamba kinapungua. Kazi yao ilikuwa kupunguza uzito wa matangi ya mafuta ya vyombo vya anga, maana kila kilo inayotoka kwenye tangi inaacha nafasi ya kilo ya mzigo. Basi walikwangua bati, wakapongezana kwa gramu mia, wakaenda kunywa chai.

Mkuu wa idara ya matangi alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, hodari wa kufunga tai. Jumatatu asubuhi alimletea cheti cha uzito: tangi jipya limepungua kilo tisa. Ilibaki sahihi ya mpimaji, na kikao cha kumpandisha cheo kilikuwa saa nane.

"Shikamoo, mama. Weka sahihi tu hapo chini. Tangi si umeshaliona?"

"Marahaba, mwanangu. Kuliona nimeliona. Kulipima bado."

Likaning'inizwa kwenye mzani. Kweli, kilo tisa pungufu. Mkwe akatabasamu. Mama akalizunguka polepole, akainama kuchungulia chini.

"Vishikizo vyake viko wapi?"

Aliulizia vile vyuma sita vinavyolifunga tangi kwenye chombo, ambavyo siku zote vilipimwa pamoja nalo.

"Hivyo sasa ni vya idara ya bodi ya chombo."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Na wenyewe wanajua?"

"Tutawaandikia."

Mama alicheka hadi miwani ikamteleza. Shahada mbili ukutani, halafu mtu mzima anavua viatu apande mzani aseme amekonda. Chombo hakikupungua hata gramu. Wapanga mzigo wangeamini cheti, wangeongeza kilo tisa, na mafuta yangeisha kabla ya mwisho wa safari.

"Mama, ukiandika hivyo cheo changu kimekwenda," mkwe akasema kwa sauti ya chini. "Mwanao nitamwambia nini?"

"Mwambie mama yake amepima."

Akaagiza vishikizo viletwe, akapima vyote pamoja, akaandika: upungufu, sifuri. Akatia sahihi.

Cheo kikaenda kwa mwingine. Jumapili ile binti hakumleta mjukuu kama kawaida yake, wala iliyofuata. Mama aliumia, na kiburi chake chote hakikumsaidia kitu. Jumapili ya tatu akapiga simu mwenyewe.

"Zilikuwa kilo tisa tu, mama," binti akasema. "Tisa tu. Ungekufa?"

Binti huyo Mama alimlea peke yake, akamfundisha kusoma mzani kabla hajajua kusoma jina lake. Mama Mzani alikaa na simu mkononi, akalia kwa ajili ya neno hilo moja, "tu".