Santuri ya Nyongeza

Nianze na lililonikera, maana mpaka leo linanikera. Ukoo mzima wa watu wazima, wenye akili zao, waliokwisha kula wali wa msiba na kunawa mikono, walikaa barazani wakagawa majalada ya santuri upande mmoja na santuri zenyewe upande mwingine, kama mtu anayempa huyu viatu vyote vya kushoto na yule vyote vya kulia. Wakasema wanatenda haki.

Marehemu alikuwa na baa Ifakara, upande wa njia ya kwenda kivukoni. Hakuna mtu bonde zima aliyekuwa na santuri za soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, kama zake. Zilishuka na treni kutoka Zambia, mikononi mwa watu waliofuata mchele wetu, na yeye alikuwa anawapokea stesheni kama wakwe. Wengine walibadilishana naye kwa mchele, wengine kwa bia. Hakuna aliyerudi na santuri yake.

Mimi nilikuwa mnunuzi wa mpunga. Miaka ya tisini nilizunguka vijijini kwa baiskeli, na kila nyumba niliyoingia niliuliza mpunga kwanza, santuri baadaye. Watu walikuwa wameshahamia kwenye kanda. Santuri zilikuwa uvunguni, zinalala na jembe bovu. Nilipozitoa na kuzifuta kwa ncha ya khanga, wenye nyumba walinihurumia.

"Mama, na vyungu vilivyopasuka unanunua?" aliniuliza bwana mmoja pale Mang'ula.

"Vikiimba, nanunua."

Nilikusanya nyingi, nikazihesabu, nikarudia kuzihesabu, kwa sababu mtu anayehesabu mara moja ndiye anayeibiwa. Lakini santuri niliyokuwa naitafuta hasa ilikuwa moja, ndogo, ile ya kiganja, na alikuwa nayo mwenye baa peke yake.

Ndani yake kulikuwa na dada yangu.

Zamani, tulipokuwa wasichana, mashamba ya miwa ya Kidatu yalikuwa na bendi yake. Jumamosi ukumbi wa wafanyakazi ulijaa watu kutoka kila mkoa wa nchi hii: aliyekata miwa mchana, jioni amevaa suruali pana ya kufagia sakafu na viatu vya raizoni vyenye soli nene, nywele amezichana zimesimama kama kichuguu. Wakubwa walikuwa wanasema soul ni uhuni. Sisi tulikubali kwamba ni uhuni, tukaenda kuchukua nafasi mapema. Dada yangu alikuwa anaitikia nyuma ya mwimbaji. Katika wimbo mmoja, mwishoni kabisa, wanaume wote wakiwa wamemaliza maneno yao, yeye aliachia ukelele. Haukuwa na neno ndani yake. Ulianza chini, tumboni, ukapanda mpaka kwenye bati, na wachezaji walisimama miguu yao ikiwa bado hewani.

Wimbo huo ulirekodiwa, ukapelekwa Nairobi kuchapwa. Likarudi sanduku moja tu la santuri, na nyingi zilivunjika ndani ya lori kabla hazijafika Kidatu. Wanaume wa bendi walilipwa, wakashonewa na suti. Dada yangu alipewa soda. Nilikuwa binti mdogo mwenye mdomo mkubwa, nikamfuata kiongozi wa bendi pale pale ukumbini.

"Kaka, na dada yangu je?"

"Dada yako si mwanabendi," alinijibu huku akijiangalia mikono ya suti. "Yule ni nyongeza tu."

Anayefanya biashara ya mpunga anaijua nyongeza. Debe likishajaa na kupewa kilele chake, muuzaji anachota kiganja kimoja anakirushia juu, mteja aondoke anacheka. Kiganja hicho hakina bei. Hivyo ndivyo alivyomweka dada yangu.

Dada yangu alifariki wakati mwanawe bado anatambaa. Mtoto nikamlea mimi, ananiita Mama Mdogo. Alipofika darasa la sita alianza swali moja ambalo halikuisha: "Mama Mdogo, mama alikuwa na sauti gani?" Mimi ni mtu wa kumshusha bei Msukuma aliyeuza ng'ombe jana, sikosi maneno, lakini sauti haisimuliki. Siku moja nilijaribu kumuigizia ule ukelele. Mbwa wa jirani akabweka, mtoto akacheka, tukaacha.

"Sijui," nilikuwa namwambia. "Muulize Mungu. Na hivyo vyombo havijioshi."

Nikanunua mashine ya kupigia santuri, ya betri, yenye sindano nzima. Nikaenda kwa mwenye baa. Mashine yake ilikuwa imekufa siku nyingi, anapiga kanda kama baa nyingine zote, lakini ile santuri hakutaka kuitoa.

"Santuri haitoki humu ndani, dada yangu. Ilete mashine yako hapa, mlete na mtoto, tutaipiga wote. Na nikifa, ichukue wewe."

Tulikubaliana Jumapili ya wiki inayofuata. Jumamosi alilazwa. Hakurudi.

Basi tumerudi barazani, siku ya kumaliza arobaini. Baba mkubwa wa ukoo, mzee mwenye sauti ya kukata shauri, alikuwa amekaa katikati ya vitu vya marehemu. Nguo zilikuwa zimekwisha, viti vya baa vimekwisha, zikafika santuri. Nami nilikuwa nimekwenda na mbinu yangu ya biashara: ukitaka gunia la nyuma, lisifie la mbele. Nikazishika zile kubwa, nikazigeuza, nikahema.

"Shikamoo baba. Hizi kubwa ningezipata, ningeshukuru sana. Hiki kidogo nacho nitakibeba tu, kisiwasumbue."

Mzee akanitazama. Akazitazama zile kubwa. Nikaona mwanga umemwingia kichwani, nikajua nimeumia.

"Kumbe ni mali," alisema. "Mali haiuzwi kabla haijagawiwa."

Hapo ndipo ilipokuja ile hesabu ya ajabu. Warithi waliobaki bila fungu walikuwa wawili, rundo la santuri moja, kwa hiyo mzee akaamuru kila santuri ivuliwe jalada lake. Sasa vitu vikawa mara mbili, kila mtu apate. Shangazi wa Kibaoni akapata majalada, anayapenda, yana picha, atayabandika ukutani. Mpwa wa marehemu, mkulima aliyetoka Masagati, akapata santuri uchi. Akalalamika kwa adabu kwamba fungu lake ni jeusi tupu, halina hata picha moja.

"Usinung'unike," mzee akamwambia. Akaokota ile ndogo, akairusha juu ya lile rundo. "Haya, na nyongeza hiyo."

Damu ilinipanda. Nikaiacha mbinu, nikasema kweli: hiyo ndogo ina sauti ya dada yangu, marehemu mwenyewe alisema niichukue.

"Shahidi ni nani?"

"Marehemu."

Baraza zima likacheka, wafiwa wakiwemo. Mzee akanyanyua mkono. "Mwanangu, sasa hivi ulikuwa unataka zile kubwa. Tukikupa hii utataka na viti. Kaa chini, chai inakuja."

Sikukaa, na chai yao sikuinywa. Nilipofika getini niligeuka, mpwa alikuwa anazifunga santuri kwa kamba ya katani, kama kuni.

Ilinichukua mpaka msimu wa mpunga kutia maziwa ndipo nikapata nafasi ya kumfuata. Treni mpaka Mlimba, halafu trekta lililopakia mabati, halafu miguu yangu. Njia nzima nilikuwa namsema yule mzee kwa sauti. Dereva wa trekta alidhani nasali, akapunguza mwendo.

Mpwa alinipokea vizuri, na hilo lilinikera zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Shikamoo mama. Umefuata mpunga? Bado mchanga."

"Marahaba. Sikufuata mpunga."

Mkewe, mwenye mtoto mgongoni, alileta karanga. Ziliwekwa ndani ya bakuli jeusi lenye ukingo uliojikunja kama ua. Nilikula karanga tatu ndipo nikaona mistari. Santuri. Nilitambua hata lebo yake: mwimbaji mmoja wa Marekani, yule aliyekuwa akiwatoa watu machozi ukumbini, sasa amebeba karanga.

"Maji ya moto tu," mwanamke aliniambia kwa fahari. "Unaitumbukiza, inalainika kama ugali, unaifinya juu ya sufuria. Moja ya chumvi, moja ya vifaranga. Nikufundishe?"

"Ahsante, mama. Ile ndogo iko wapi?" Safari hii sikuzunguka.

Mume akanyoosha kidole shambani. "Ile iko kazini."

Wanaojua bonde letu wanajua kuamia ndege. Mpunga ukitia maziwa, kweleakwelea wanashuka kama wingu, wanafyonza punje, wanakuachia makapi yaliyosimama wima. Kwa hiyo watu hukaa shambani tangu alfajiri, wanapiga madebe, wanarusha udongo, wananing'iniza chochote kinachong'aa. Shamba lake lilikuwa limezungushiwa utepe wa kanda za kaseti, unaovuma upepo ukipita. Katikati, juu ya mti mrefu, dada yangu alikuwa ananing'inia kwa uzi wa kuvulia samaki, anazunguka juani.

Nilitukana. Mama yule akaziba masikio ya mtoto.

"Nishushie," nikasema. "Nitakupa kitenge kipya, hiki hapa."

"Kizuri. Ila kitenge hakifukuzi ndege."

"Kopo la maziwa, linang'aa kuliko hiyo."

"Kopo wameshalizoea, wanatua juu yake. Hiyo ndiyo wanayoiogopa, mama. Sijui ina nini."

"Najua mimi ina nini! Ina mtu!"

Aliniangalia kwa upole. "Basi subiri tuvune, nitakuletea mwenyewe Ifakara."

"Jua likishaikunja? Mvua ikishaitafuna? Wewe ungemtundika dada yako hapo?"

Akafikiri, kwa kweli akafikiri. Akasema, "Mkwe wangu analeta watu wa kuamia kesho. Leo tuko wawili, na huyu ana mtoto. Nikiitoa leo, pale katikati atakaa nani?"

Nikamwambia mkewe apokee kitenge, nikavua viatu, nikaingia kwenye tope.

Sijawahi kuwa na hasira iliyopata kazi nzuri kama siku ile. Kila wingu la ndege liliposhuka nilimwona mtu. Hawa hapa watu wa ukoo wa mwenye baa: nikapiga debe. Yule pale mzee na haki yake: nikarusha bonge la udongo. Kiongozi wa bendi na suti yake alitua mara nyingi, na mara zote nilimpigia kelele mpaka koo likawaka. Maneno yalipokwisha nilipiga kelele bila maneno. Ndege walikwenda kula kwa jirani. Jirani akaja kulalamika.

Jua lilipoinama, mpwa aliikata ile santuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mama, una sauti wewe! Kesho je?"

"Kesho tafuta nyongeza mwingine."

Nilipofika nyumbani ilikuwa imejipinda kama kigae. Nikaiweka kati ya vioo viwili vya dirisha, juu nikaweka gunia la mchele, nikaiacha hapo mpaka nilipochoka kusubiri. Halafu Jumapili asubuhi nikamwita mtoto. Siku hizo alikuwa kidato cha pili, anapepeta mchele uani, akaja na ungo wake mkononi.

Nikaiweka santuri kwenye mashine; ukingo wake ulikuwa umeharibika. Sindano ilipanda ikashuka kama baiskeli kwenye matuta, kiongozi wa bendi akawa anaruka neno, anarudia neno, anagugumia, na sauti yake ya kujidai ikayumba kama ya mlevi. Hilo sikulisikitikia. Mpiga saksofoni alizama kabisa. Lakini santuri ikikunjwa na jua, sehemu ya ndani huchelewa kuharibika, na dada yangu alikuwa amewekwa mwisho, pale wanapowekwa watu wa nyongeza. Wanaume walipomaliza kurukaruka, sindano ikatulia. Akaachia.

Ulianzia chini, ukapanda. Mtoto alisimama, mchele ukimwagika kutoka kwenye ungo bila yeye kuona, na mimi sikumgombeza.

Nikainyanyua sindano.

"Mama Mdogo," alisema taratibu. "Hiyo si sauti yako?"

"Sauti yangu wapi! Ni mama yako huyo."

"Ndiyo. Lakini ndiyo ile unayoniita nayo nikichelewa kutoka sokoni. Ile ile. Hata pale inapopasuka."

Nikataka kumwambia asiwe mjinga. Nikakumbuka tope la Masagati, na koo langu, na ndege waliokuwa wakiinuka. Miaka yote mtoto ananiuliza mama yake alikuwa na sauti gani, nami namjibu kwa sauti hiyo hiyo, tena kwa kufoka, kwamba sijui. Na hata hilo nilinyang'anywa na wale watu wa barazani, kwa sababu kama siku ile wangenipa ile ndogo kistaarabu, tungelijua mapema, na kitenge changu kingekuwa kiunoni kwangu.

"Weka tena," mtoto akasema.

"Inalika ikipigwa."

"Mama Mdogo, wewe si unahesabu kila kitu mara mbili?"

Nikarudisha sindano, karibu na mwisho, nisimpe kiongozi nafasi. Ukelele ukatoka ukajaa uani. Jirani akachungulia juu ya uzio wa matete, kijiko cha uji mkononi, akauliza nani tena anagombana asubuhi yote hii.

"Dada yangu," nikamwambia. "Mwache amalize."